Historia Iliyoanguka Thika

Jumamosi ya tarehe 16 Julai 2011, mwendo wa saa nne asubuhi, mawe yalianguka kutoka angani mashariki mwa mji wa Thika, upande wa kuelekea Kilimambogo, yakiandamana na mishindo mikubwa. Mshindo peke yake hauthibitishi kitu katika ukanda ule. Kuanzia Ruiru hadi Juja na Thika watu wamezoea machimbo ya mawe, na mwaka ule wenyewe barabara kuu ya kwenda Nairobi ilikuwa ikivunjwa na kupanuliwa. Kilichobaki baada ya mishindo ndicho chenye uzito: mawe yenye ganda jeusi lililoungua, na ndani yake rangi ya kijivu yenye chembe za chuma zinazometa. Yaliyokusanywa na kufahamika yalifika takriban kilo 14, na orodha ya kimataifa ya vimondo ikayaandikisha kwa jina la Thika, kundi L, daraja la 6. Nashikilia kwamba siku ile ilianguka hati ya historia, kwa maana ile ile ambayo barua ya mfanyabiashara wa Mombasa au daftari la kodi la serikali ya kikoloni ni hati. Wengi wetu huitenga elimu ya nyota na historia, tukidhani kwamba historia ina mashahidi na elimu ya nyota ina hesabu na kubahatisha tu. Lakini asili ya Jua na sayari zake ni tukio lililopita mara moja, halirudiwi maabarani, na hujulikana kwa mabaki yake. Hiyo ndiyo kazi ya mwanahistoria, na mabaki yenyewe yapo.

Historia ya Thika iliyozoeleka huanzia reli ya kutoka Nairobi iliyofika mwaka 1913, kisha mashamba ya mkonge, kahawa na mananasi, kisha viwanda. Mwenye bidii zaidi hurudi nyuma hadi mipaka ya Wakikuyu, Wakamba na Wamaasai kando ya Mto Athi. Mwanajiolojia anarudi nyuma zaidi, lakini naye hukwama mapema kuliko tunavyodhani. Mawe ya Ndarugo yanayojenga nyumba za Juja na Ruiru, miamba ambayo Mto Chania unaiporomokea mjini Thika, na udongo mwekundu unaolisha kahawa ya Ruiru, vyote ni mazao ya volkeno ambazo umri wake haufikii miaka milioni 20. Ukitaka miamba ya kale kweli nchini Kenya inakubidi uende Migori na maeneo jirani ya Nyanza, ambako iko yenye zaidi ya miaka bilioni 2.5. Hata Canada, kwenye baadhi ya miamba mikongwe kuliko yote tunayoijua ardhini, mtafiti hukomea karibu na miaka bilioni 4. Dunia ni mtunzaji mbaya wa kumbukumbu zake mwenyewe: huyeyusha miamba yake, huisaga kwa mito, huizamisha chini ya mabara na kuitapika upya kama lava. Sura ya kwanza ya maisha yake imefutwa. Anayetaka kuisoma hana budi kutafuta nakala iliyowekwa mahali ambapo hapakuwa na mvua, mito wala volkeno, na mahali hapo ni kati ya Mirihi na Mshtarii, kwenye ukanda wa asteroidi.

Kwamba mawe huanguka kutoka angani hakukukubaliwa kirahisi. Ernst Chladni alipochapisha hoja yake mwaka 1794 wasomi wengi wa Ulaya walimbeza, wakaona habari za wanakijiji kuhusu mawe ya mbinguni ni ushirikina. Tarehe 26 Aprili 1803 mawe karibu 3,000 yalianguka L'Aigle, Ufaransa. Serikali ikamtuma Jean-Baptiste Biot, naye akahoji watu, akapima eneo, akalinganisha mawe na miamba ya mahali pale, kisha akaandika ripoti iliyofunga mjadala. Ikumbukwe kwamba Biot alishinda kwa ushuhuda wa watu wa kijijini ukiungana na ushahidi wa mawe, si kwa hesabu. Kwetu Afrika Mashariki ushuhuda wa namna hiyo haukosekani. Tarehe 14 Agosti 1992 mvua ya mawe kama hayo iliuangukia mji wa Mbale nchini Uganda, na kijiwe cha gramu chache kilichopunguzwa kasi na majani ya mgomba kikampiga mtoto kichwani bila kumdhuru. Nitarudi Mbale, kwa sababu jiwe lake na la Thika ni ya ukoo mmoja.

Hati husomwaje ikiwa haina maandishi? Huanzia kwenye umbo lake. Mwaka 1877 Mwingereza Henry Clifton Sorby alikata vimondo vipande vyembamba vya kupitisha mwanga, akavitazama kwa hadubini, akaona viduara vidogo vya madini ambavyo, kwa hukumu yake, viliwahi kuwa matone yaliyoyeyuka yakielea huru kabla ya kushikamana. Viduara hivyo huitwa kondruli, na mawe yenye asili hiyo, likiwemo la Thika, huitwa kondraiti. Hakuna volkeno ya Duniani inayotengeneza mwamba wa kondruli. Mwamba wa volkeno hutokana na uji mmoja wa moto uliopoa pamoja, ilhali kondraiti ni mkusanyiko wa vitu vilivyopoa kila kimoja peke yake, katika nafasi wazi, kisha vikakutanishwa. Mtu aliyeshika jiwe la Ndarugo mkono mmoja na la Thika mkono wa pili ameshika miamba iliyozaliwa kwa njia mbili tofauti kabisa.

Baada ya umbo huja viungo. Mwaka 1925 Cecilia Payne alionyesha, kwa kuchambua mwanga wa nyota, kwamba zimejaa haidrojeni na heli, jambo lililoonekana la ajabu mno hata yeye mwenyewe akashawishiwa kulilegeza katika maandishi yake, hadi wengine walipolithibitisha. Ukiziweka kando gesi hizo na kulinganisha mengine, yaani magnesiamu, silikoni, chuma, kalsiamu na wenzao, uwiano wao katika Jua unakaribiana sana na uwiano ulio ndani ya kondraiti. Jiwe linalofanana na Jua kuliko karibu mawe mengine yote lilianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, tarehe 16 Desemba 1938, wakati nchi ikiitwa Tanganyika, na jina la Ivuna limekuwa jina la kundi zima linalotumiwa na wanasayansi kama kipimo cha viungo vya mfumo wa Jua. La Thika si safi kiasi hicho, kwa kuwa liliwahi kupikwa, na herufi L ni alama ya kundi lenye chuma kidogo kuliko ndugu zake wa kundi H. Hata hivyo nasaba inaonekana: Jua, Dunia, jiwe la Ivuna na jiwe la Thika vilitoka kwenye wingu moja la gesi na vumbi.

Wingu hilo nalo lilikuwa na historia, na chuma ndicho kinachoisimulia. Ulimwengu ulipoanza kutanuka, takriban miaka bilioni 13.8 iliyopita, joto lake la mwanzo lilitengeneza haidrojeni, heli na chembe za lithiamu, basi. Hapakuwa na chuma, oksijeni wala silikoni, kwa hiyo pasingeweza kuwa na jiwe la aina yoyote. Mwaka 1957 Margaret na Geoffrey Burbidge, William Fowler na Fred Hoyle waliweka pamoja maelezo ya jinsi nyota zinavyopika elementi nzito katika vitovu vyao na kuzitawanya zinapokufa. Nyota kubwa haziishi sana: nyingine humaliza kuni zake katika miaka milioni chache, hulipuka, na majivu yake huingia katika mawingu yatakayozaa nyota nyingine. Kilimia, kundi ambalo wakulima wetu walilitazamia kujua msimu wa kulima, ni nyota zilizozaliwa pamoja takriban miaka milioni 100 tu iliyopita. Kabla ya Jua kuzaliwa, vizazi vya nyota vilikuwa vimepita kwa muda wa miaka zaidi ya bilioni 9. Wekundu wa udongo wa Ruiru ni kutu ya chuma kilichopikwa na nyota hizo, na chembe zinazometa ndani ya jiwe la Thika ni chuma cha chanzo hicho hicho, isipokuwa cha Ruiru kimepitia tumboni mwa Dunia.

Kuhusu namna wingu lilivyogeuka kuwa Jua na sayari, wazo ni la zamani kuliko ushahidi. Immanuel Kant alilitoa mwaka 1755 na Pierre-Simon Laplace akalitoa kwa namna yake mwaka 1796: wingu lajikunja kwa uzito wake, laongeza kasi ya kuzunguka, lajilaza kama sahani, katikati nyota yawaka na pembeni sayari zajijenga. Kwa zaidi ya karne moja hilo lilikuwa pendekezo zuri lenye matatizo yake. Mwaka 2014 darubini za redio za ALMA nchini Chile zilichora sahani ya vumbi inayoizunguka nyota changa HL Tauri, ikiwa na duara angavu na mianya myeusi kati yake. Lakini picha ya nyota nyingine ni ushahidi wa jirani. Ushahidi wa nyumbani umo ndani ya vimondo. Katika kimondo cha Allende, kilichoanguka Mexico tarehe 8 Februari 1969, mna chembe nyeupe zenye kalsiamu na aluminiamu ambazo umri wake ni miaka milioni 4,567, na ndizo vitu vikongwe zaidi vilivyopimwa kati ya vile vilivyoumbika ndani ya mfumo wetu. Mwaka 1976 kikundi cha Gerald Wasserburg kilionyesha kwamba chembe hizo zilipoganda zilikuwa na aluminiamu 26, aina ya aluminiamu yenye mionzi ambayo nusu yake huisha kila baada ya miaka takriban 717,000. Leo haimo tena, lakini zao lake, magnesiamu 26, limebaki pale pale aluminiamu ilipokuwa.

Hapo ndipo daraja la 6 la jiwe la Thika linapopata maana. Miili midogo iliyojikusanya mapema ilimeza aluminiamu hiyo ikiwa bado hai, na mionzi yake ikaipasha moto kutoka ndani. Sufuria kubwa ya githeri hukaa na moto muda mrefu kuliko kikombe cha chai, na vivyo hivyo mwili wenye upana wa kilomita mia na zaidi uliweza kuutunza moto huo kwa mamilioni ya miaka. Karibu na uso mawe yalibaki kama yalivyokusanywa, na mpaka wa kondruli unaonekana wazi hadi leo. Kilindini joto lilipanda kwa mamia ya nyuzi, madini yakalingana, mipaka ya kondruli ikafifia. Jiwe la Thika limefifia hivyo. Kwa hiyo tunajua bila kubahatisha kwamba lilikaa ndani kabisa ya mwili mkubwa kuliko lenyewe, mwili ulioanza kujengwa katika miaka milioni chache za kwanza za mfumo wa Jua, na kwamba kitu fulani baadaye kiliuvunja mwili huo.

Pingamizi la kwanza ni la kawaida, nalo linastahili jibu kamili: hakuna aliyekuwepo. Umri huu wote unategemea saa za mionzi, na nani ajuaye kama saa hizo zilikwenda kwa kasi ya leo? Swali ni halali, na limeulizwa na wanafizikia wenyewe kwa ukali kuliko wapinzani wao. Mwaka 1956 Clair Patterson alitumia uraniamu inayogeuka kuwa risasi akapata kwamba vimondo vina umri wa miaka bilioni 4.55, na tangu hapo jozi nyingine za elementi, zenye kasi na sababu tofauti za kuoza, zimetoa majibu yanayokaribiana. Saa zote zingebadilika kwa pamoja, kila moja kwa kiasi chake mahususi, ili zidanganye kwa kauli moja. Zaidi ya hayo, kasi ya zamani inaweza kupimwa. Huko Oklo nchini Gabon iligunduliwa mwaka 1972 kwamba madini ya uraniamu yaliwahi kuwaka yenyewe kama tanuri la nyuklia takriban miaka bilioni 2 iliyopita, na masalio yake yanaonyesha kwamba kanuni za nyuklia zilikuwa zile zile. Februari 1987 nyota ilionekana ikilipuka katika galaksi ndogo jirani ambayo mwanga wake husafiri zaidi ya miaka 160,000 kutufikia, na kufifia kwake kukafuata uozo wa kobalti 56 kwa kasi ile ile inayopimwa maabarani. Anayesema kanuni zilibadilika sasa ana jukumu la kueleza ni wapi na lini.

Pingamizi la pili ni la kimahakama zaidi. Hata kama mawe haya ni ya kale, kamera hazikulifuata jiwe la Thika angani. Lawezaje kunasibishwa na ukanda wa asteroidi? Jibu ni kwamba hati isiyo na sahihi hutambuliwa kwa kulinganishwa na zilizo na sahihi. Mwaka 2003 mawe ya Park Forest huko Marekani, na mwaka 2004 ya Villalbeto de la Peña huko Hispania, yalirekodiwa yakiingia angani na njia zake zikahesabiwa hadi kwenye ukanda ule. Yote mawili ni ya kundi L. Mwaka 2010 chombo cha Japani, Hayabusa, kilirudi na punje kutoka asteroidi Itokawa, nazo zikaonekana kuwa kondraiti za kundi la karibu nalo, LL. Kuna ushahidi mwingine ambao naona ni mzito zaidi. Mawe mengi ya kundi L yana saa ya potasiamu na agoni iliyoanzishwa upya takriban miaka milioni 470 iliyopita, kwa sababu agoni ni gesi na mgongano mkubwa huitoa mwambani kwa joto. Na katika machimbo ya chokaa ya Thorsberg nchini Sweden, ndani ya tabaka za sakafu ya bahari za enzi hiyo hiyo, Birger Schmitz na wenzake wamepata zaidi ya vimondo 100 vilivyogeuka visukuku, karibu vyote vya kundi L. Kumbukumbu mbili zisizojuana, moja angani na nyingine chini ya bahari ya kale, zinataja tukio moja kwa tarehe moja. Mwili mkubwa ulivunjika, na vipande vyake vinaendelea kutufikia hadi leo, ambapo zaidi ya theluthi moja ya vimondo vinavyoonekana vikianguka ni vya kundi hili. Mbale ilipata chake mwaka 1992, Thika chake mwaka 2011.

Ni kipande gani cha ukanda hasa, hapo wataalamu bado wanajadiliana. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2024 zinaelekeza kwa familia ya asteroidi Massalia, baada ya miaka ya watu kuelekeza kwa familia nyingine. Wapo wanaochukua mabishano ya namna hiyo kama dalili kwamba elimu yote ni dhana. Nadhani wamekosea kipimo. Wanahistoria wa Pwani wamebishana sana juu ya masimulizi ya asili ya Shirazi, na hakuna anayehitimisha kwamba Kilwa haikuwepo. Kubishania anwani hakuondoi tarehe ya kuvunjika wala umri wa jiwe.

Kuna pia hofu ya kudanganyika na vitu vya binadamu, na Kenya ina sababu ya kuwa nayo. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa takriban mita 2.5 na uzito wa takriban kilo 500 ilianguka Mukuku, kaunti ya Makueni, na Shirika la Anga la Kenya likaieleza katika tathmini yake ya awali kuwa kipande cha roketi. Lakini pete iliyotengenezwa kiwandani na kondraiti havichanganywi na mtu aliyevikata na kuvitazama. Chuma cha kimondo huja na nikeli ndani yake, kondruli hazitengenezeki kiwandani, na sehemu ya ndani ya jiwe huhifadhi alama za miale ya anga za juu zilizokusanyika kwa mamilioni ya miaka. Hofu hiyo ni sababu ya kupima, na vipimo vipo.

Liko pingamizi la imani, nalo halifai kupitwa kimya katika ukanda ulio na makanisa na misikiti kila mtaa. Waumini wengi wa Thika na Ruiru huona kwamba kutaja miaka bilioni 4.5 ni kumwondoa Muumba. Sioni hivyo. Georges Lemaître, aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kutoa hoja kwamba ulimwengu unatanuka na una mwanzo, alikuwa padri Mkatoliki, na alisisitiza kwamba nadharia yake ya fizikia isifanywe silaha ya dini wala ya wanaoikana dini. Jiwe linajibu lini na kwa njia gani. Halijaulizwa kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwa na kitu, na haliwezi kujibu.

Ikiwa jiwe hili ni hati, kama nilivyodai, basi linafuatwa na masharti ya hati: litunzwe, ijulikane lilipatikana wapi, na liwe mahali ambapo msomaji wa baadaye atalifikia, kwa sababu hati nzuri husomwa zaidi ya mara moja. Tarehe 28 Januari 1934 kimondo kilianguka Rumuruti, Laikipia. Kilichobaki kinachojulikana ni gramu 67, nazo zilikaa katika jumba la makumbusho mjini Berlin kwa miongo kadhaa kabla ya wataalamu, katika miaka ya 1990, kutambua kwamba ni kielelezo cha aina ya kondraiti iliyokuwa haijapewa jina, ambayo sasa inaitwa kwa jina la Rumuruti. Ivuna nayo ilisomwa upya baada ya Hayabusa 2 kuleta udongo wa asteroidi Ryugu Desemba 2020, ukaonekana kufanana nayo. Kipande kimoja kikubwa cha Ivuna kilinunuliwa na Jumba la Makumbusho ya Historia Asilia la London mwaka 2008. Vipande vya Thika vilianza kuuzwa kwa wakusanyaji wa ng'ambo. Mwanafunzi wa Ruiru anayesoma jiografia ya mfumo wa Jua anaweza kulipata jina la Thika katika orodha ya vimondo ya kimataifa kwa dakika moja. Kipande chenyewe atakikuta kwa urahisi zaidi katika matangazo ya wauzaji, kikiwa na bei kwa gramu.